Gumzo la ukoo: daftari la Nasra

Halati Rukia: Asalaam alaykum nyote. Nasra anaondoka Jumaatano kwenda Maskati kusoma. Nimemnunulia daftari la jalada gumu Darajani. Nataka aandike safari yake.

Nasra: Waalaykumu salaam halati, ahsante sana. Lakini nitapiga picha kila pahala niwatumie humu, haitoshi?

Halati Rukia: Piga, mwanangu, tutafurahi. Lakini picha haisemi chai umenunua baisa ngapi, hizo pesa za huko, wala mzee wa dukani kakwambia nini aliposikia unasema Kiswahili. Na huko wapo wengi watakaokujibu Kiswahili!

Ami Seif: Rukia kasema kweli. Marehemu baba akiandika safari zake za jahazi, Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Pahala kaandika: "Kaskazi imelegea, tumelala Wete, mchele umerowa, nahodha kanunua papa." Basi. Lakini mimi nikisoma hapo namsikia baba akizungumza.

Hamad Wete: Ami! Daftari hilo lipo?

Ami Seif: Lipo kabatini kwangu. Kurasa zimeanza kushikana kwa unyevu.

Hamad Wete: Tafadhali usizibandue kwa mkono, zitachanika na wino utaondoka. Zinazofunguka zenyewe zipige picha leo leo. Halafu lipeleke Nyaraka pale Kilimani, panapowekwa maandishi ya zamani, wana mengi ya hati hizo, watakwambia la kufanya.

Maryam: Watu wetu wameandika tangu zamani, tusijidharau. Salim bin Abakari alikwenda Urusi mpaka Siberia 1896, akaieleza safari yake kwa Kiswahili. Na Tippu Tip, yule tajiri wa misafara aliyefia hapa Unguja 1905, safari zake za bara kaziandika mwenyewe. Mna pembe za ndovu, mna vita, mna na utumwa. Yanauma kuyasoma, lakini hakuna wa kusema hayakuwa.

Nasra: Na za nyumbani je? Ile ya Pemba siku ya Idi naweza kuiandika?

Hamad Wete: Anza na hiyo hiyo, kabla hujaisahau! Boti ilivyotutikisa mkondoni, bibi akivuta uradi mpaka tukashuka Mkoani. Karafuu zimeanikwa majamvini kando ya njia. Mgeni atapiga picha ya karafuu, weye unajua jamvi lile la nani na mwaka ule kalipwa nini.

Maryam: Andika usiku kabla hujalala, hata ukiwa umechoka. Mistari mitano inatosha. Ukingoja wiki, majina ya watu yanapotea mwanzo.

Nasra: Na nikiwa nalia kwa kuwakumbuka, niandike na hilo?

Halati Rukia: Andika, mama. Daftari ni lako. La kutusomea sisi lilete humu, la moyoni libaki na weye, hapana atakayekuuliza.

Nasra: Inshallah nitaandika. Nije kulichukua leo?

Halati Rukia: Njoo baada ya magharibi, na kalamu mbili nimekuwekea.

Ami Seif: Mimi kesho asubuhi nakwenda Kilimani. Hamad, nilibebe vipi?

Hamad Wete: Lifunge kwa kitambaa cha pamba kikavu, ami. Usilitie nailoni, litatoa jasho.