Tupeane uzoefu: uliteleza au kujikwaa kazini ukaumia, mwajiri alikufanyia nini?

Wakuu, salamu. Ukitaja ajali kazini watu wanawaza mashine iliyokata vidole au fundi aliyedondoka ghorofani. Kuteleza hakuhesabiwi. Wenzako wanacheka kwanza, na wewe unainuka haraka, unajipangusa suruali na kusema uko poa. Kesho yake mkono hauinuki.

Mimi nipo jikoni kwenye hoteli moja hapa Dar. Kati ya jiko la kukaangia na sinki kuna vigae ambavyo jioni, oda zikichanganya, vinakuwa na mafuta juu yake na maji juu ya mafuta. Nilipita hapo na sufuria ya mchuzi, mguu ukaondoka, nikatua na kiganja. Mchuzi ulinikosa, ila kifundo cha mkono kilivunjika. Msimamizi akanipa hela ya bodaboda na maelekezo: nikifika hospitali niseme nimeanguka bafuni kwangu, "mambo yasiwe marefu". Nikamweleza daktari ukweli na akauandika ulivyo. Karatasi ile ndiyo iliyonibeba, maana mwajiri hakuwa na pa kukwepea, akapeleka taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Matibabu yakalipiwa, na kipindi chote cha hogo nikawa napata asilimia 70 ya mshahara.

Leteni na zenu. Waliozungushwa pia waseme.

Wa Kirumba
Pole sana mkuu. Mimi nilikuwa kiwanda cha samaki huku Mwanza. Sakafu inamwagiwa maji muda wote, chini kuna barafu na magamba, na mabuti tuliyopewa soli zilishakwisha, laini kabisa. Nikaanguka na kreti, goti likageuka. HR akaniambia "huo ni uzembe wako, wenzako mbona hawaanguki?" Nikakubali kinyonge. Aliyenifungua macho ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi: kwenye fidia hii huulizwi kosa ni la nani. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba umeumia ukiwa katika kazi ya mwajiri. Kujiumiza makusudi au kuja umelewa ni habari nyingine. Nilivyorudi na huyo katibu, HR akawa mpole ghafla.

Dada wa Usafi
Nyie mna bahati. Mimi niliteleza kwenye ngazi za ofisi asubuhi kabla watu hawajafika. Hakuna shahidi. Nikanyamaza nikidhani mgongo utapoa wenyewe. Ulipokuja kukaza sasa, miezi imepita, wakaniuliza "tutajuaje kama hukuumia ukichota maji kwenu?" Hapo niseme nini? Mwisho nilikumbuka kuwa siku ileile nilimtumia mlinzi meseji nikimwomba dawa ya kuchua, nikamwambia nimeanguka ngazini. Hiyo meseji ndiyo ikawa shahidi wangu. Nikaambiwa pia nishukuru sijavuka miezi 12 tangu ajali, maana ukivuka haki inapotea.

mleta mada
Dada pole. Na kwa faida ya wengine: mfanyakazi anatakiwa kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo, mwajiri naye ana siku 7 tangu ajue kupeleka taarifa WCF. Mpe kwa maandishi, hata meseji. Bosi wa mdomo husahau.

Kibarua wa Saiti
Wakuu, sisi wa kulipwa kwa siku vipi? Nilijikwaa kwenye vipande vya nondo vilivyoachwa njiani, nikavunjika mguu. Msimamizi anasema sina mkataba kwa hiyo mimi si mfanyakazi wao.

Wa Kirumba
Kibarua, anakutisha huyo. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, mradi unafanya kazi chini yake na anakulipa. Anakulipaje?

Kibarua wa Saiti
Kwa simu, kila Jumamosi. Jina lake linatokea.

Wa Kirumba
Basi usifute hata meseji moja! Ongeza na majina ya mliokuwa mnamwaga zege pamoja. Na akikwambia hukuwa unakatwa mchango, mjibu kuwa mchango wa WCF ni wa mwajiri peke yake, kuukata kwenye ujira wako ni marufuku.

Mama wa Athi River
Poleni wenzangu. Huku Kenya sheria yetu ya fidia kwa wanaoumia kazini ni ile ya mwaka 2007, WIBA, na mwajiri anatakiwa akukatie bima. Mimi ni wa cherehani, kiwanda cha nguo. Waya wa mashine ulikuwa umepita chini bila kufunikwa, nikajikwaa na kushukia nyonga. Nikamkimbilia wakili, tukafungue kesi. Akanirudisha: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, dai linaanzia kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Kuna fomu, mwajiri anajaza sehemu yake na daktari sehemu yake. Wangu aliikalia hiyo fomu mpaka nilipoenda ofisi ya kazi, ndipo akaikumbuka.

Hogo Mguuni
Mimi nililetewa barua ya kuachishwa nikiwa bado na hogo. Eti "kampuni inapunguza watu", na aliyepunguzwa ni mimi peke yangu. Nilikwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Angalieni tarehe kwenye barua jamani: ukiachishwa isivyo halali una siku 30 tu za kupeleka mgogoro. Niliyekaa naye kwenye benchi alikuja na siku zimepita, ikabidi aanze kwanza kuomba aongezewe muda, akieleza kwa nini alichelewa.

Dada wa Usafi
Na kama kiungo hakirudi kama zamani?

mleta mada
Daktari anapima ulemavu kwa asilimia. Ikiwa 30 au chini, unalipwa kwa mkupuo. Ikizidi 30, ni pensheni ya kila mwezi. Mimi nasubiri kupimwa, kukamua kitambaa cha deki bado siwezi.

Dada wa Usafi
Deki usinikumbushe. Nilipoanguka nilikaa chini kidogo nikipumua, niliporudi kutoka kunywa maji nikakuta ngazi imekaushwa na kile kibao cha njano cha utelezi kimesimamishwa pale, ambacho siku zote kinakaa stoo. Mwenye simu yenye kamera apige picha akiwa bado yuko chini.