Meza ya mtiki ya Denmark: ya kuvuta au ya duara?

Mama_wa_Odense: Wakuu, salaam. Nyumbani tuko wanne, Idi tunafika kumi. Nimeona meza mbili za miaka ya 60, bei karibu sawa. Moja ina vibao viwili vilivyolala chini ya uso, unavivuta huku na huku. Nyingine ya duara, inafunguka katikati, vibao vyake viko stoo. Nichukue ipi?

FundiMalmö: Ya kuvuta. Wadenmark wanaiita hollandsk udtræk: ukivuta kibao hadi mwisho, uso wa katikati unashuka, vinalingana. Ijaribu hapo hapo kwa muuzaji. Za duara nyingi huuzwa vibao vimeshapotea.

BintiPemba: Mimi ninayo ya duara na siiuzi ng'o. Sinia katikati, hakuna aliyekaa mbali na mwenzake. Kasoro ni rangi tu: uso umepigwa na jua la dirishani, vibao vimekaa gizani miaka. Nikiitanua utadhani kanzu yenye kiraka.

FundiMalmö: Hilo hata za kuvuta zinalo, dada. Tena msidhani ni mbao nzima. Miguu na kingo sawa, lakini uso kwa kawaida ni vinia, yaani ngozi ya mbao iliyobandikwa juu, nyembamba mno. Anayepiga msasa wa mashine anaitoboa, na hapo hakuna dawa.

Mama_wa_Odense: Kuna ya tatu, ya palisanda (rosewood), muuzaji anasema ni ya Wegner, yule mbunifu wa samani wa Denmark. Nikistaafu narudi Tanga na kontena.

FundiMalmö: Wegner kweli alibuni meza za kurefuka kwa kiwanda cha Andreas Tuck, hapo hapo Odense, AT-312 ni mojawapo. Chungulia chini utafute mhuri. Usipouona, lipia meza, usilipie jina. Na kama palisanda ni ile ya Brazil, jamaa wa mpingo wetu, iko chini ya ulinzi mkali wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992. Bila kibali haivuki mpaka.

Keko_Dar: Mtiki kuupeleka Tanga, na shamba la mitiki la Longuza liko Muheza, mkoa huo huo! 😂 Ila nikiri: huku mbao tunauziwa mbichi. Nilichongesha ya kuvuta, masika ya kwanza ikagoma kufunguka.

Mama_wa_Odense: Nimechukua ya kuvuta. Upande mmoja unakwama, nimepunguziwa kroni 300. Fundi, nipake nini kwenye reli?

FundiMalmö: Mshumaa mkavu. Mafuta ya kupikia hapana.