Hivi jeshi ndo lilivumbua vitu vilivyomo kwenye simu zetu, au lililipa tu?

Mdadisi_Halisi:
Wakuu habari zenu. Kuna mjadala tunao na jamaa yangu haujaisha mpaka leo. Yeye anasema kila kitu cha maana kwenye elektroniki kimetoka jeshini, oveni ya maikrowevu, GPS, skrini bapa, mpaka zile chipu ndogo zinazosukuma mawimbi kutoka kwenye simu kwenda mnarani. Mimi nasema anakuza mambo, kwa sababu transista, ile swichi ndogo ya umeme iliyojaa kwenye kila chipu, ilitoka Bell Labs mwaka 1947 na ile ilikuwa maabara ya kampuni ya simu, hakuna jenerali aliyekaa pale na koleo. Sasa naomba wenye kujua wanisaidie, si kwa ushabiki wa upande wowote, nataka kujua pesa zilitoka wapi, zilitolewa kwa kazi gani hasa, na kitu kilitokaje huko kikaja kwetu raia. Nina hamu zaidi na upande wa maikrowevu (yale mawimbi mafupi ya redio, si oveni tu) na malighafi za kutengenezea chipu maana huko watu huwa hawazungumzii, wote wanakimbilia intaneti.

Fundi_Mawimbi:
Mkuu swali zuri sana, na ukitaka kulielewa anza na magnetroni, kile kifaa kinachozalisha mawimbi mafupi yenye nguvu, maana ndo mlango wenyewe.

Vita vya pili vya dunia vinaanza Waingereza wana rada tayari, lakini zile za pwani zilikuwa zinatumia mawimbi ya urefu wa mita 10 na zaidi, antena zake ni minara, huwezi kuifunga kwenye ndege. Ukitaka antena iwe ndogo halafu bado iweze kutofautisha vitu, lazima wimbi liwe fupi, sentimita 10 hivi, na tatizo likawa hakuna taa ya vakyumu (chupa isiyo na hewa ambamo elektroni zinarushwa) inayoweza kutoa nguvu ya maana kwenye wimbi fupi namna hiyo. Klaistroni, taa nyingine ya aina hiyo, ya Stanford ya mwaka 1937 ilikuwepo ila nguvu yake ilikuwa ndogo. Basi jeshi la wanamaji la Uingereza likatoa kandarasi kwa Chuo Kikuu cha Birmingham, na pale John Randall na Harry Boot wakachukua bonge la shaba, wakatoboa matundu 6 kuzunguka tundu la katikati, wakaliwekea sumaku kubwa. Februari 1940 kitu kikawaka, wati kama 400 kwenye wimbi la chini kidogo ya sentimita 10. Wahandisi wa kampuni ya GEC kule Wembley wakakiboresha mpaka kilowati kadhaa ndani ya miezi michache, na Septemba mwaka huohuo ujumbe wa Tizard, wanasayansi wa Uingereza waliotumwa kushirikiana siri na Wamarekani, ukabeba moja kwa meli mpaka Marekani kwa sababu Uingereza haikuwa na uwezo wa kuzalisha kwa wingi chini ya mabomu. Wamarekani walipoipima ikatoa kilowati 10 hivi, hawakuamini, na kabla mwaka haujaisha chuo cha MIT kikawa imefungua Radiation Laboratory, ambayo ilikuja kuwa na watu karibu 4,000 na ikabuni rada nyingi sana za vita vile.

Sasa oveni inaingia wapi? Kampuni ya Raytheon walikuwa wanazalisha magnetroni za jeshi kwa maelfu, na mhandisi wao Percy Spencer ndo akaona zile nguvu zinapasha chakula, akaomba hataza mwaka 1945. Oveni ya kwanza ya kuuza, Radarange ya 1947, ilikuwa na uzito wa kilo 340 hivi. Ya kuweka juu ya meza ya jikoni iliyouzika kweli ilikuja 1967. Kwa hiyo hapo hakuna aliyekaa jeshini akasema tubuni oveni, jeshi lililipia magnetroni, oveni ikajitokeza pembeni.

Mtafiti_Mkimya:
Nakubaliana na Fundi ila mtoa mada yuko sahihi pia na tusimwache hivihivi. Angalia saketi jumuishi, yaani chipu yenyewe. Jack Kilby wa Texas Instruments alionyesha ya kwake 1958, Robert Noyce wa Fairchild akaja na ya kwake 1959, na zote mbili zililipiwa na kampuni zenyewe. Wakati huohuo majeshi ya Marekani yalikuwa na miradi yake ya kupunguza ukubwa wa saketi, jeshi la nchi kavu lilikuwa na mradi wa Micro-Module pamoja na kampuni ya RCA, jeshi la anga likawa na mradi wa elektroniki ya molekuli pamoja na Westinghouse, na njia zote mbili hazikushinda. Yaani pesa za jeshi zilielekezwa kwenye jibu lisilo sahihi, jibu sahihi likatoka kwingine.

Lakini sasa nani alinunua? Hapo ndo jamaa yako ana hoja nzito. Mwaka 1962 chipu moja ilikuwa inauzwa wastani wa dola 50, na karibu uzalishaji wote wa Marekani ulikuwa unakwenda serikalini. Kompyuta ya kuongozea kombora la Minuteman II na kompyuta ya chombo cha Apollo ndo zilibeba soko, kwa sababu kwenye kombora gramu moja ina thamani na hakuna anayeuliza bei. Viwanda vikajifunza kuzalisha kwa oda hizo, na kufika 1968 wastani wa bei ulikuwa umeshuka mpaka dola 2 na senti kadhaa, na jeshi likawa limeshakuwa mteja mdogo kuliko wengine wote ukiwajumlisha. Kwa mtazamo wangu mteja wa kwanza asiyebishania bei ni muhimu kuliko hata mvumbuzi, na watu wanaoandika historia ya teknolojia huwa wanampita haraka mno.

BintiFizikia:
Hata hiyo transista ya 1947 msiitenge kabisa na vita jamani. Rada ya sentimita 10 inapokea mwangwi dhaifu sana, na taa za wakati ule zilikuwa hazifai kuchanganya masafa ya juu hivyo bila kuleta kelele, ikabidi warudi kwenye kitu cha zamani kabisa, kipande cha fuwele na sindano ya waya inayogusa juu yake. Ile fuwele ikawa silikoni au jerimani (elementi ya germanium), na ili diodi hizo, yaani vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja, zifanane moja na nyingine ilibidi malighafi isafishwe kwa kiwango ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekihitaji kabla. Kundi la Karl Lark-Horovitz kule Purdue lilifanya kazi ya jerimani kwa pesa za serikali za mradi wa rada, wengine wakashughulikia silikoni. Bardeen na Brattain wa Bell Labs walipotengeneza transista yao, kipande walichokigusa kilikuwa cha jerimani, ya ubora uliotokana na ile kazi ya vita. Kwa hiyo wazo na mshahara vya Bell Labs, lakini malighafi ilikuwa imeshasafishwa kwa gharama ya watu wengine. Mimi naona hapa ndo pazito kuliko penginepo, kwa sababu kampuni ya kawaida haiwezi kukaa miaka 5 inasafisha jiwe ambalo halijui litauzwa kwa nani.

Mdadisi_Halisi:
Dah, hiyo ya jerimani sikuijua kabisa, asante dada. Sasa vipi skrini na zile chipu za simu, jamaa anazisema sana hizo.

BintiFizikia:
Skrini za LCD, zile bapa za fuwele za kimiminika, ni kweli kwa sehemu kubwa, na kisa chake ni kizuri. Fuwele za kimiminika zilijulikana tangu 1888, na RCA ya Marekani ilionyesha skrini zake miaka ya 1960, ila vimiminika vilivyokuwepo vilikuwa vinaharibika, au vinahitaji joto, hata saa ya mkononi isingedumu navyo. Uingereza ilikuwa inalipa mrabaha mkubwa nje kwa ajili ya skrini za rangi za taa (zile nene za runinga za zamani), serikali ikataka kitu bapa cha kwake, maabara ya rada ya Wizara ya Ulinzi kule Malvern ikaingia mkataba na George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull. Mwaka 1972 timu yake ikapata familia ya sianobaifenaili, kemikali imara, haichukii mwanga wala unyevu, na mojawapo inabaki kwenye hali ya fuwele kimiminika kuanzia nyuzi 22 hivi mpaka 35, yaani joto la kawaida la chumba. Malvern wakachanganya kadhaa pamoja ili zifanye kazi kwenye baridi na joto zaidi, kampuni ya BDH ikazalisha, na baada ya miaka michache saa na kikokotoo vya dunia nzima vilikuwa na mchanganyiko ule ndani. Biashara ya skrini zenyewe lakini waliikuza Wajapani, na huko ni pesa za viwanda tu.

Fundi_Mawimbi:
Chipu za simu niachieni mimi.

Silikoni ni nzuri kwa kompyuta lakini ukipanda kwenye gigahetzi nyingi miaka ya 1970 na 80 ilikuwa inachoka. Galiamu asenaidi, malighafi nyingine ya chipu, elektroni zake zinakwenda kasi karibu mara 6 ya silikoni, halafu kipande chenyewe kinaweza kutengenezwa kiwe karibu kihami kabisa, kwa hiyo njia za mawimbi unazichora juu ya chipu bila nguvu kupotelea chini. Plessey ya Uingereza ilionyesha amplifaya (kikuza mawimbi) nzima ya maikrowevu kwenye kipande kimoja cha galiamu asenaidi mwaka 1976. Tatizo: ghali, inavunjika kirahisi, na chipu mbili za bamba moja (kile kisahani kinachokatwa kuwa chipu nyingi) hazifanani. Raia gani angenunua?

Jeshi lilikuwa na sababu. Rada za kisasa hazizungushi sahani tena, zinakuwa na maelfu ya vikuza mawimbi vidogo, kila kimoja na antena yake, na boriti ya mawimbi inaelekezwa kwa kuchezea awamu ya kila kimoja, yaani lini wimbi lake linapanda na kushuka. Ukihitaji vipande elfu kadhaa kwa rada moja ya ndege, huwezi kuvifunga kwa mkono na hadubini, bei inakuua. Ndo DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani (zamani ARPA), wakaanzisha mradi wa MIMIC wa chipu hizo mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaenda mpaka katikati ya 1990, mamia ya mamilioni ya dola, na shabaha yake haikuwa chipu moja ya ajabu, ilikuwa kiwanda. Programu za kuchorea saketi, vifaa vya kupimia kabla hujakata bamba, mabamba yanayofanana, watu waliofunzwa. Mradi unaisha tu, simu za mkononi zinalipuka sokoni, zinahitaji amplifaya isiyokula betri, na viwanda vipo tayari. TRW, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vyombo vya anga na vya kijeshi, iliwapa kampuni ya chipu ya RF Micro Devices leseni ya transista zake za galiamu asenaidi, hizo zikaingia kwenye simu kwa mamilioni.

Galiamu naitraidi, malighafi mpya zaidi, imefuata njia hiyohiyo ila yenyewe ina wazazi wawili. Inavumilia uga wa umeme kama mara 10 ya silikoni kabla haijapasuka, kwa hiyo unaipa volti nyingi inatoa nguvu nyingi kwenye eneo dogo. Upande wa rada uliendeshwa na jeshi la wanamaji la Marekani kwenye vyuo miaka ya 1990, kisha DARPA miaka ya 2000. Hata mabamba ya silikoni kabaidi ya kuiotesha juu yake na kuondoa joto yalitokana na utafiti wa North Carolina State uliolipiwa na ofisi ya utafiti ya jeshi hilo la wanamaji, ambako kampuni ya Cree ilizaliwa 1987. Lakini namna ya kuotesha fuwele safi ya galiamu naitraidi ilitoka Japani, Akasaki na Amano kule Nagoya, Nakamura kule kampuni ya Nichia, wakitafuta taa ya LED ya bluu, wakapewa Nobel 2014. Bila taa ya bluu rada ingesubiri sana. Saivi galiamu naitraidi iko kwenye minara ya 5G na kwenye zile chaja ndogo zenye nguvu.

Sumaku_Kali:
Ongezeni sumaku kwenye orodha. Samariamu kobalti ilianzia maabara ya malighafi ya jeshi la anga la Marekani kule Wright-Patterson, Karl Strnat na wenzake, katikati ya miaka ya 1960, na taa za mawimbi yanayosafiri, zile zinazokuza mawimbi kwenye setelaiti na rada, zikapungua uzito kwa sababu elektroni zake zinabanwa na sumaku njia nzima. Neodimiamu lakini, ya kwenye spika na mota, ni ya Sumitomo na General Motors, 1983, hizo ni kampuni za raia.

Mtafiti_Mkimya:
Niweke na upande unaouma, maana pesa hizi huja na siri. Gordon Gould alikuwa na michoro ya leza tangu 1957, kampuni aliyoajiriwa, TRG, ikaomba ARPA dola 300,000, ARPA wakafurahi wakawapa karibu milioni 1. Papo hapo mradi ukawa wa siri, na Gould akanyimwa kibali cha usalama kwa sababu ya siasa zake za ujanani, kwa hiyo mwenye wazo hakuruhusiwa kuingia kwenye chumba ambamo wazo lake linafanyiwa kazi. Mei 1960 Theodore Maiman akawasha leza ya kwanza duniani kule kampuni ya Hughes, kwa fimbo ya rubi na taa ya mwanga wa kumeta aina ya wapiga picha, bajeti ndogo tu ya kampuni. Gould aliendelea na kesi za hataza mpaka miaka ya 1980 ndo akaanza kulipwa.

Mdadisi_Halisi:
Hii ya Gould imenikaa kweli. Basi namtumia jamaa uzi wote, na swali la kumrudishia ninalo: hizo siri ngapi bado zimefungiwa ambazo zingekuwa kwenye vifaa vya hospitali saivi? Fundi, ukipata muda tuandikie zile kamera za joto, nasikia malighafi yake nayo ilitoka Malvern.

Fundi_Mawimbi:
Ndiyo, zebaki kadimiamu teluraidi, mwishoni mwa miaka ya 1950, Malvern hiyohiyo. Nitafungua uzi wake maana ile ni ndefu.