Mdogo wangu anapiga msuli usiku kucha ila hakibaki kitu, halafu kawa mkali kwa kila mtu

dada_Uyole:
Wakuu habarini. Mdogo wangu wa kike yupo fomu siksi, naishi nae hapa Uyole. Anakesha kajitanda blanketi na chupa ya kahawa mpaka saa tisa, saa kumi na moja yuko macho tena. Ukimuuliza alichosoma jana hakumbuki, alikuwa mcheshi sahivi ukimsalimia anafoka, wenzake wakija anajifungia chumbani. Bibi anasema kachezewa. Hivi usingizi peke yake unaweza kumbadilisha mtu hivi?

Ticha wa Baiolojia:
Pole dada, unaweza kabisa. Ukiwa macho kwenye ubongo inajikusanya kemikali inaitwa adenosini, ndo inaleta usingizi, kafeini ya kwenye kahawa inaizibia njia tu haiiondoi, na baada ya masaa kama 5 nusu yake bado ipo mwilini, kwa hiyo hata hayo mawili anayolala hayawi mazito. Na usingizi mzito ndo muda hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, inarudia ya mchana ili yahifadhiwe. Watafiti Jenkins na Dallenbach walilipima hili Marekani 1924, mtu akijifunza akalala anakumbuka zaidi kuliko akibaki macho.

Kufoka nako kuna sababu, amigdala, sehemu ya ubongo ya hofu na hasira, inawaka haraka na sehemu ya mbele ya ubongo inayoituliza imechoka. Mwaka 2018 watafiti Ben Simon na Walker pale chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, waliwapima watu waliokesha, mtu akiwasogelea walimsimamisha mbali kuliko walivyofanya wakiwa wamelala vizuri. Kwa hiyo binti kujifungia msimhesabie dharau jamani.

baba J, Iringa:
Ticha kasema kweli, wife ni nesi, akitoka zamu ya usiku mambo ya hela hatugusi mpaka alale kwanza. Ila dada, akilala vizuri wiki mbili na bado anakimbia watu mpeleke hospitali, sonona nayo inaharibu usingizi.

dada_Uyole:
Asanteni sana, bibi nimemsomea yote. Sasa pepa ikiwa asubuhi arivaizi saa ngapi?

Ticha wa Baiolojia:
Jioni, kahawa mwisho saa sita mchana. Saa tatu usiku apitie notsi fupi tu, saa nne simu uishike wewe na taa izimwe. Masaa 8 kwa umri wake si anasa.