Ufadhili wa baada ya uzamivu kwa utafiti wa Unguja na Ngazija: niombe wapi?

BintiUkutani aliandika:

Assalamu alaykum wanajukwaa. Nimemaliza uzamivu wa historia mwaka jana na sasa nafundisha chuo kimoja hapa Unguja. Tasnifu yangu ilikuwa juu ya madrasa za Mji Mkongwe. Ninachokitaka sasa ni kuvuka maji: kuwafuata wanafunzi waliotoka Ngazija, kisiwa kikuu cha Komoro, kuja kusoma kwetu, hasa kwa Sheikh Abdallah Bakathir pale Ukutani, kisha wakarudi kwao wakafungua darsa. Walirudi na vitabu gani? Walipewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, na nani? Nyiradi zipi wanazozisoma leo Moroni, mji mkuu wao, zilitoka kwenye vibaraza vyetu?

Kilichonitia hamu ni daftari la bibi mzaa mama yangu, ambaye kwao ni Ngazija. Jalada limevikwa kitambaa. Kurasa za mwanzo ni maulidi kwa Kiarabu. Katikati anaendelea kwa herufi zilezile za Kiarabu, lakini maneno sasa ni Kiswahili na Kingazija vikiwa pamoja, mara kaswida, mara hesabu ya mchele na samli za hitima. Pembeni ameandika majina ya wanawake walioazima daftari na miezi waliyolirudisha. Wengine ni wa Malindi ya hapa mjini Unguja, wengine ameandika wazi kuwa wako Itsandra, mji wa Ngazija.

Niliomba ufadhili mahali pamoja nikakataliwa. Msomaji wa kwanza wa andiko langu alisema mada hii ni ya Mashariki ya Kati. Wa pili alisema ni ya Afrika, na eneo lenyewe ni dogo. Iliniuma sana, maana watu ninaowaandika hawakuujua mpaka huo.

Naomba mnisaidie. Wafadhili gani wanaelewa utafiti wa namna hii? Mwenyeji napataje ikiwa sina profesa ninayemjua Ulaya? Na nina watoto wawili wadogo, pamoja na mzigo wa vipindi na usahihishaji ambao idara haitauachia hivi hivi.

MzeeWaMajalada alijibu:

Wa alaykumu ssalaam mwanangu, na hongera kwa uzamivu. Niko Mombasa, nimestaafu, na nimewahi kukaa kwenye majopo ya kusoma maandiko ya maombi. Nitakwambia ninavyoona, na unisamehe nikirefusha.

Mada yako si ndogo. Tatizo ni kwamba umeianza kwa wanaume ambao jopo linawajua tayari. Ukitaja Sayyid Ahmad bin Sumait, kila msomaji wa fani hii anajua alizaliwa Itsandra mwaka 1861, baba yake mtu wa Shibam, Hadhramaut ya Yemen, na kwamba alifika hadi Istanbul kabla ya kuwa kadhi mashuhuri wa Unguja. Anajua pia kwamba yeye na Bakathir wamefariki mwaka mmoja, 1925. Anajua Habib Saleh alitoka Ngazija akaenda Lamu na ndiye aliyeasisi msikiti na chuo cha Riyadha. Hao wameandikwa, na wameandikwa vizuri. Daftari la bibi yako halijaandikwa na mtu. Umelitaja hapa kama kisa cha kando, lakini kwangu mimi ndilo andiko lenyewe.

Fikiria msomaji aliye na rundo la maandiko mezani. Ukimwambia unachunguza "mahusiano ya kiutamaduni baina ya Zanzibar na Komoro", atakuuliza unalinganisha nini na nini, kisha atakupeleka kwenye meza ya Afrika au ya Mashariki ya Kati, kama walivyokufanyia. Ukimwambia kuna daftari la mwanamke lililokuwa likisafiri baina ya Malindi na Itsandra, na kwamba majina ya walioliazima yamo pembeni, hawezi kulipeleka meza yoyote kati ya hizo. Itabidi akufuate. Na swali lako linageuka: elimu iliyobebwa na wanawake wasio na ijaza ilipita njia gani? Hilo ni swali ambalo hata anayeijua Hadhramaut kuliko mimi na wewe atataka kusikia jibu lake.

Sasa fedha. Mpango wa ACLS, baraza la jumuiya za wasomi la Marekani lililoko New York, uliokuwa ukiwapa wasomi wa insia (historia, lugha, dini na kadhalika) wa Tanzania, Uganda, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini ulishafungwa, kwa hiyo ukiona kiungo chake mahali usipoteze muda. Ulioundwa kwa mada zinazovuka maeneo ni Forum Transregionale Studien ya Berlin. Ndani yake kuna programu ya EUME, iliyoanza mwaka 2006. Hiyo jicho lake liko Mashariki ya Kati, lakini wanapokea wanaoonyesha jinsi sehemu hiyo ilivyofungamana na kwingine. Hapo Hadhramaut ndani ya andiko lako iwe na uzito wa kweli. Usiitie kwa kupaka rangi, watakugundua. Ikiwa daftari halifiki huko, achana nao.

Wakfu wa Alexander von Humboldt mimi naupenda kwa sababu haugawi nafasi kwa nchi wala kwa fani. Unaomba wakati wowote, unatakiwa uwe hujapita miaka 4 tangu uzamivu, na unakaa Ujerumani kati ya miezi 6 na 24. Familia inafikiriwa kwenye posho. Wewe uko ndani ya muda, usiuchezee. Lazima upate mwenyeji huko kwanza, na kwa daftari lako ningeanza na Hamburg, wenye kituo kikubwa cha utafiti wa tamaduni za miswada, kisha Leibniz-Zentrum Moderner Orient ya Berlin, ambao Afrika, Mashariki ya Kati na Asia ya Kusini wamezitia nyumba moja.

Kuhusu kumpata mwenyeji usiyemjua: soma makala zake mbili tatu kwa makini. Kisha muandikie barua ya nusu ukurasa. Usimuombe "nafasi". Mwambie unacho nini mkononi, umeona nini kwenye kazi yake kinachogusa hicho, na uambatishe ukurasa mmoja wa daftari: picha, maandishi uliyoyahamisha kwa herufi za Kilatini, na maelezo yako ya chini. Watu wanaosoma Kiswahili na Kingazija kwa herufi za Kiarabu, na wanaojua samli za hitima zinahesabiwaje, ni wachache sana duniani. Ukurasa huo utakusemea kuliko wasifu wa kurasa kumi.

ItsandraMarseille alijibu:

Dada, salaam kutoka Marseille. Mimi ni Mngazija, nilisoma Unguja nilipokuwa kijana na Kiswahili nilikipata huko. Nimefurahi mno kusoma habari za daftari hilo. Nyumbani kwa shangazi yangu Itsandra yapo madaftari ya aina hiyo ndani ya sanduku, na hakuna aliyewahi kuja kuyauliza. Waliokuja waliuliza ya wanaume.

Mambo matatu ya huku kwetu. La kwanza, Moroni nenda CNDRS, ndicho kituo cha taifa cha nyaraka na utafiti. Anza nao mapema, wakuandikie barua kabla hujapanda ndege. Barua hiyo jopo pia litaitaka. La pili, visiwa vyetu vilitiwa chini ya Madagaska kwa sheria ya mwaka 1912, hadi 1946. Kwa hiyo makaratasi ya serikali ya miaka hiyo usiyatafute Moroni tu. Mengi yako Aix-en-Provence kwenye nyaraka za makoloni ya Ufaransa, na mengine Antananarivo. Vyeti vya safari, majina ya abiria, malalamiko ya watu waliotaka kuvuka kwenda Unguja, huko ndiko pa kuyatafuta. Lazima usome Kifaransa. Kama hujui, andika kwenye mpango wako utajifunza lini na wapi.

La tatu ni msimu. Julai na Agosti ndio wakati wa ndoa kuu, arusi kubwa za mila yetu, sisi wa Ufaransa tunarudi kwa wingi, nyumba zinajaa, kila mama ana shughuli. Usitegemee mtu akufungulie sanduku wakati huo. Lakini ukitaka kuwasikia wanawake wakiimba, kuona nani anaongoza na nani anamfuata, basi wakati ni huo huo. Panga safari mbili, na useme kwenye andiko kwa nini ni mbili. Wanaojua Ngazija watakuamini papo hapo.

MwalimuEldoret alijibu:

Dadangu, mimi nitaongea juu ya vipindi, maana hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Angalia Iso Lomso, ufadhili wa STIAS, taasisi ya utafiti ya Stellenbosch, Afrika Kusini. Ni ya wasomi wachanga wa Afrika walio na kazi vyuoni Afrika. Muda wake ni miaka mitatu, lakini si lazima uhame miaka yote hiyo, unakwenda kukaa huko kwa vipindi. Kizuri zaidi kwa mtu kama wewe: wana fungu la kukisaidia chuo chako kumlipa atakayekufundishia. Ukimwendea mkuu wa idara na hilo mkononi, mazungumzo yanabadilika. Mimi nilipokwenda kwa mkuu wangu bila chochote nilijibiwa kwamba wanafunzi hawawezi kungoja, na kweli hawawezi.

Kuna pia MIASA, taasisi ya utafiti pale Legon, Ghana. Makazi yao ni ya miezi michache, wanapendelea insia na sayansi za jamii, na ukiwa na watoto miezi michache inabebeka. Bayreuth, Ujerumani, nao wana mradi wa utafiti wa Africa Multiple, wanaoshirikiana na chuo cha Moi huku kwetu, kwa hiyo uliza kama kuna mlango wa Eldoret kabla ya kuutafuta wa Ujerumani.

Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya unapokea raia wa nchi yoyote. Wanataka uzamivu uwe umekamilika, usiwe umepita miaka 8 ya utafiti tangu hapo, na usiwe umeishi kwenye nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Ukiwa Unguja hilo halikuhusu. Ila ushindani ni mkali ajabu, na andiko lake ni refu. Mwenyeji anaweza kuwa INALCO ya Paris au L'Orientale ya Napoli, wote wanafundisha Kiswahili. Paris itakuweka karibu na Aix.

BintiUkutani aliandika:

Mzee wangu, kaka yangu wa Itsandra, mwalimu, Mungu awalipe. Nimekaa usiku nimeandika upya mwanzo. Unasema hivi:

"Daftari moja la maulidi, lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu na mwanamke wa Kingazija aliyeishi Unguja, lina pembeni majina ya wanawake wa Malindi na Itsandra walioliazima. Utafiti huu unafuata njia ya daftari hilo na mengine ya aina yake ili kueleza jinsi wanawake walivyobeba elimu ya dini baina ya visiwa viwili ambavyo serikali za Kiingereza na Kifaransa zilivitenganisha kwa makaratasi."

Nina maswali mawili. Jamaa zangu hawataki daftari litoke nyumbani, na mimi siwezi kuwalazimisha. Je, jopo litaona ni udhaifu? Na vibali, nivitaje vyote?

MzeeWaMajalada alijibu:

Mwanzo umesimama. Ondoa "ya aina yake" na useme ni mangapi umeshayaona kwa macho, hata kama ni machache. Sentensi ya serikali mbili iache ilivyo.

Daftari kubaki nyumbani si udhaifu hata kidogo. Sema wazi kwamba utapiga picha kwa idhini ya jamaa, asili itabaki kwa wenyewe, na nakala zitawekwa Nyaraka za Taifa pale Kilimani na CNDRS Moroni ikiwa wenyewe wameridhia. Miswada ya Riyadha ya Lamu ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, na vitabu havikuhama Lamu. Mfano huo utaje. Mpango huo pia unaweza kukupa fedha za kamera na kazi ya nyumbani, maana ufadhili wa kukaa Berlin au Hamburg unakulipa kuandika, na safari za Itsandra mara nyingi hautoshi kuzibeba. Wengi hawalioni hilo mpaka wamefika huko na mfuko mtupu. Tenga bajeti mbili tangu mwanzo.

Vibali vitaje vyote. Cha Zanzibar ni chake peke yake, usidhani cha COSTECH, tume ya sayansi ya Tanzania, kinakutosha. Ukifika Lamu utahitaji cha NACOSTI, tume ya Kenya. Cha Komoro watakuelekeza CNDRS.

ItsandraMarseille alijibu:

Nimezungumza na shangazi kwa simu. Anauliza bibi yako alikuwa wa mji gani na wa ukoo gani. Niandikie kwenye ujumbe wa faragha, usiandike hapa.

BintiUkutani aliandika:

Nimeshakuandikia. Barua ya Hamburg naituma wiki hii, na mkuu wa idara nimemuomba nafasi nimuone na karatasi za Iso Lomso. Jedwali la bajeti mbili nikilimaliza nitalibandika hapa mlikague.