Tulilipia mzigo ushuke Tanga, wakaushusha Dar, na sasa wanataka tuchangie dimareji (tozo ya kuchelewesha kontena) ya uzembe wao

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kooni na leo nalitema hapa. Kampuni siitaji jina, sitaki uzi ufutwe wala sitaki kesi ya kuchafuana. Waliomo kwenye grupu lao la WhatsApp watajua ni nani, na wenyewe watajijua zaidi.

Nina duka la vifaa vya mafundi cherehani pale Ngamiani: nyuzi, zipu, vifungo, sindano, vitu vya namna hiyo. Mzigo wangu ulinunuliwa Guangzhou na kijana wetu aliyeko huko, ukapelekwa ghala la hawa jamaa wanaokusanya mizigo ya watu wengi na kuijaza kontena moja. Kilichonivuta kwao ni tangazo: "Mzigo wako unashuka bandari ya Tanga, unaufuata na guta." Mtu wa Tanga ukisikia hivyo unaachaje? Miaka yote hapa meli kubwa zilikuwa zikitia nanga huko mbali, mzigo ushushwe kwanza kwenye matishari ndipo uletwe gatini. Serikali imetoa shilingi bilioni 429.1, kina kikachimbwa kutoka mita 3 hadi 13, tukapata gati la mita 450. Leo meli inafunga gatini, ukikaa Raskazone unaiona inavyoingia. Wenzetu wa Bagamoyo bandari yao mpya wanaisikia kwenye taarifa ya habari tangu 2013; sisi ya kwetu ipo na inafanya kazi.

Kwa hiyo hawa jamaa walikuwa wanauza bandari yetu. Bei yao kwa CBM moja (mita moja ya ujazo) ilikuwa juu kuliko ya ofisi za Kariakoo, na walitueleza sababu: humo hakuna habari ya lori kutoka Dar, kupitia Chalinze na Segera, wala ya mpakiaji na mpakuaji. Tukakubali, tukalipa.

Mzigo ukashuka Dar.

Tena hawakusema. Kila ukiuliza unajibiwa, "Mzee wangu, meli bado, bahari imechafuka." Nikaomba namba ya kontena. Ya kwanza waliyonipa, tovuti ya kampuni ya meli iliikataa papo hapo. Kwa wasiojua: namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile ya mwisho hutokana na hesabu ya zote zilizoitangulia. Ukiibuni kichwani, mara nyingi mfumo hauipokei. Nikawarudia, kimya. Mwishowe dada mmoja wa ofisini kwao, Mungu ampe heri, akanitumia picha ya mlango wa kontena siku walipolifunga kule China. Lakiri inaning'inia kwenye komeo, namba iko juu upande wa kulia, inasomeka bila shida. Nikaiingiza. Limeshushwa Dar es Salaam, wiki kadhaa nyuma! Mstari wa chini yake unasema limeshahamishiwa bandari kavu, yaani yadi ya makontena iliyo nje ya bandari. Na muda huohuo bosi wao yuko kwenye grupu anatuombea dua meli ifike salama.

Nikadai BL (bill of lading), ile hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli. Hapa watu wengi wanapigwa, kwa hiyo someni vizuri. Kwenye kontena la pamoja BL ya kampuni ya meli hutoka kwa jina la huyo mkusanyaji. Wewe unapewa karatasi yake yeye, yenye nembo yake. Kampuni ya meli haikujui. Ukienda kwenye dirisha lao na karatasi yako wanakutazama tu, hata kukufukuza hawana sababu. Ilinibidi nipige kelele sana ndipo nikatumiwa picha ya BL yenyewe, nusu imefunikwa kwa kidole. Lakini kidole hakikufika kwenye kisanduku cha bandari ya kushushia. Dar es Salaam. Imeandikwa hivyo tangu siku ya kupakia. Yaani hakuna meli iliyobadili njia wala bahari iliyochafuka. Tanga haikuwemo tangu mwanzo.

Nikampigia bosi mwenyewe.

"Mzee wangu, meli za Tanga si nyingi kama za Dar. Tungesubiri kontena lijae mizigo ya watu wa Tanga watupu tungekesha."

"Sasa mliandika Tanga kwa nini?"

"Tanga ndiyo mwisho wa safari, mzee wangu. Utafika tu."

"Utafika na nini?"

"Na lori."

"Nauli ya lori analipa nani?"

"Hiyo mtachangia kidogo."

Wametuona watu wa Tanga wapole, tunashinda barazani na kahawa. Angeniambia mapema kuwa mzigo unashukia Dar, ningewalinganisha na wa Kariakoo kwa bei nikaamua mwenyewe. Alichonifanyia ni kunitoza bei ya Tanga na kunipa huduma ya Dar, halafu akaongeza lori juu yake.

Hilo la lori ningelimeza. Lililonitoa uvumilivu ni ujumbe wa Ijumaa: "Ndugu wateja wetu wapendwa, kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu, kila mteja atachangia gharama za dimareji na stoo kulingana na CBM zake. Asiyechangia mzigo wake hautatolewa." Na kiwango kwa dola.

Kontena ni mali ya kampuni ya meli. Inakupa siku za bure. Zikiisha, kila siku ambayo mzigo bado umo ndani unatozwa, na tozo inapanda kadiri unavyozidi kukaa. Hiyo ndiyo dimareji. Pembeni kuna stoo ya bandari kavu, nayo ina siku zake za bure na bei zake. Mita mbili zinasoma kwa pamoja. Ukishautoa mzigo bado hujamaliza, maana kontena tupu lisiporudishwa kwa wakati linaendelea kutozwa. Sasa niambieni, katika hizo mita, mimi niliyekaa Ngamiani bila namba ya kontena nimechelewesha ipi? Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa mwenye mzigo siku 21 tangu meli inapoanza kushusha awe ameshawasilisha forodha maelezo yake ya maandishi. Mwenye mzigo kwenye makaratasi ni huyo mkusanyaji. Yeye ndiye mwenye BL, na meli ilipofika ni yeye aliyepata taarifa. Akatumia muda huo kutudanganya habari za mawimbi.

Halafu ikajulikana kilicholikwamisha kontena zaidi. Hili nimelipata kwa watu wawili waliomo kwenye kontena hilohilo, na wakala mmoja wa forodha asiyehusiana nao akanithibitishia kuwa ndivyo mambo yanavyokwenda. Kuna mteja alipakia mkorogo, vipodozi vya kuchubua, vile vyenye haidrokwinoni ambavyo TBS (shirika la viwango) hawataki hata kuvisikia. Kwenye orodha ya mzigo viliandikwa mapazia. Forodha wakashtuka, kontena zima likafunguliwa, maboksi yakashushwa moja moja. Siwalaumu forodha, ndiyo kazi yao. Kontena la pamoja ni kama daladala: trafiki akikuta gunia la bangi chini ya siti, abiria wote mnashushwa. Lakini aliyempakia mwenye gunia ni konda, tena alimtoza nauli ya gunia! Hawa jamaa wana ghala China, wanapokea mzigo na kuandika orodha, na kwenye ankara yangu kuna mstari kabisa wa "ukaguzi na upakiaji". Walikagua nini? Na huyo mwenye mkorogo mbona hatajwi? Mbona hatuambiwi kwamba yeye ndiye atabeba gharama? Anachangiwa na fundi cherehani wa Chuda aliyeagiza mkasi na rula.

Na hizo CBM zenyewe, wakuu, ni kichekesho. Mzigo wangu ni maboksi 20, yote saizi moja: sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Zidisha, boksi moja ni 0.12. Mara 20 ni 2.4. Hesabu ya darasa la sita hiyo. Kiwanda kimechapa vipimo ubavuni mwa kila boksi, na kijana wetu aliyapima tena kwa futi kabla hayajaingia ghalani, picha ninazo, utepe unaonekana. Ankara yao inasema 3.1. Nikauliza, nikaambiwa yamezungushiwa fremu ya mbao ili yasipondeke. Sawa. Ila wenyewe walituma kwenye grupu picha ya kontena likiwa limepakiwa, mlango wazi, na maboksi yangu yako mstari wa mbele kabisa yakiwa na alama yangu ya rangi ya bluu. Mbao sijaiona hata ya kuchokolea meno. Ni 0.7 ya kubuni, zaidi ya robo ya mzigo wenyewe, na sasa dimareji inapigwa juu ya hiyo 3.1.

Atatokea mtu aseme, "Si ungechukua kontena lako mwenyewe?" Mkuu, kontena la futi 20 kwa ndani ni kama mita za ujazo 33. Nyuzi na zipu za mita za ujazo 33 nitawauzia mafundi wote kuanzia Horohoro hadi Pangani na bado zitabaki za kurithisha wajukuu. Wafanyabiashara wadogo tunaishi kwa makontena ya pamoja, hatuna njia nyingine. Ndiyo maana hawa wanatufanya watakavyo.

Kuna jambo jingine linaninyima usingizi kuliko hata dola zao. Tulilipa bei ya jumla, wanasema "kodi imo humohumo". Ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine, vyote eti vimo. Lakini makaratasi ya forodha yanatoka kwa jina la kampuni, kontena zima kwa pamoja. Malipo tumeyatuma kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi. Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) hakuna, niliomba nikaambiwa "itafuata". Kesho maofisa wa TRA wakiingia dukani wakauliza mzigo huu umeingiaje nchini, niwaonyeshe nini? Dua ya meli? Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024, na manung'uniko ya kodi na usumbufu wa ukaguzi yalikuwa mstari wa mbele. Watu wakasema wafanyabiashara hawataki kulipa kodi. Mimi nimelipa! Nilichokosa ni karatasi, na karatasi ameikalia mtu ambaye sasa anataka nimwongezee hela.

Nikamwomba bosi leseni. Kukusanya mizigo ya watu na kuisafirisha kwenye makontena ni shughuli inayosimamiwa na TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli. Nikatumiwa picha ya cheti cha TIN na leseni ya biashara ya halmashauri. Nikamwandikia, "Hii ya TASAC iko wapi?" Tiki mbili za bluu, basi.

Sasa nasema ninachotaka. Dimareji silipi, na nauli ya lori silipi. Nataka boksi zangu 20 zifike Tanga kwa bei iliyokuwa kwenye tangazo, nalo tangazo nimelipiga picha kabla hawajalifuta (wameshalifuta, ndiyo). Nataka risiti ya EFD ya kila shilingi niliyotuma, na nakala ya nyaraka za forodha inayoonyesha mzigo wangu. Jumatatu asubuhi napeleka barua TASAC na nakala TRA, nikiambatanisha picha ya BL yenye kidole, ankara ya 3.1 na picha za futi.

Kama na wewe mzigo wako umo kwenye kontena hilo, njoo PM na risiti zako za muamala na ankara. Usiandike namba ya kontena hapa hadharani. Mkiwa na wakala wa forodha anayejua namna ya kuomba mzigo wa mteja mmoja utenganishwe na wa wengine pale mkusanyaji anapogoma, anielekeze, nitamlipa ada yake bila kuombana. Na tafadhali, wale wa "pole mkuu, Mungu atakulipa", nashukuru, lakini leo nahitaji wenye nyaraka.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Wamenitoa kwenye grupu. Mliobaki humo, pigeni picha ule ujumbe wa Ijumaa sasa hivi kabla haujafutwa, na picha ya kontena lililo wazi pia. Yule aliyeuliza kwenye PM kama achangie nusu ili watoe nusu ya mzigo: usitume hata mia mpaka wakuandikie kwa maandishi ni boksi zipi zinatoka, lini, na zinashushwa wapi.