Mrejesho: mtoto wa wiki 3 aliyekuwa anakesha

Wapendwa, asanteni sana. Niliwauliza kuhusu mwanangu, mchana analala kutwa, usiku analia mpaka alfajiri, nami niko peke yangu hapa Igoma.

Kilichosaidia zaidi ni mwanga. Mchana nafungua pazia na kuongea naye. Usiku namnyonyesha gizagiza, kimya. Halafu kumcheulisha: namweka begani, nampigapiga mgongoni taratibu mpaka acheue, ndipo namlaza chali ndani ya neti. Kabla nilikuwa namlaza papo hapo, anajikunjakunja, kilio kinaanza.

Kumviringisha kanga kulishindikana. Kwa joto hili la Mwanza shingo ililowa jasho, nikaacha.

Sasa ana wiki 6. Saa nane usiku bado anaamka kunyonya, ila analala tena. Dada uliyenikataza kumpa maji ya sukari, Mungu akubariki.